Msivuke Mpaka Rangi Ikauke

Nchi yetu inaitwa Kwetu, na jirani yetu anaitwa Kwao. Wao, kwa ukaidi wao, huiita nchi yao Kwetu na hii yetu huiita Kwao, jambo ambalo limevuruga mikutano mingi ya ujirani mwema. Mabalozi hukaa mezani siku nzima, hukubaliana kwamba maji ya mto ni ya Kwetu, hutia saini na kupeana mikono, kisha kila mmoja hurudi nyumbani kutangaza ushindi. Msomaji asijisumbue kututafuta kwenye ramani. Hatumo, au tumo lakini chini ya kidole cha aliyeishika.

Mimi ni msanii. Naomba neno hilo lisomwe taratibu. Hapa Kikomo, mji uliokaa pembezoni kabisa mwa nchi, watu huniita Sudi mpaka rangi, kwa sababu kabla sijaenda kusoma ng'ambo nilikuwa naandika vibao vya maduka: nyama ya mbuzi, saluni ya kike, fundi saa. Ng'ambo nilikaa miezi tisa. Nikarudi na skafu, na tabia ya kurudi nyuma kidogo na kufumba jicho moja kila ninapotazama kitu. Mama yangu, Bi Siwema, aliponiona naitazama chapati yake namna hiyo, alinivua ile skafu akaiepulia sufuria.

Mwaka huo Kwetu ilikuwa inatimiza miaka mingi ya uhuru. Serikali haikutaja mingapi, maana wizara mbili zilikuwa bado zinabishana tulipata uhuru lini na kutoka kwa nani. Waziri wa Utamaduni, Mipaka na Mengineyo, Mheshimiwa Profesa Malimbwende, akatangaza shindano la sanaa lenye mada "Mipaka Yetu Kupitia Historia". Nilishinda. Washindani wangu walikuwa wawili. Mmoja aligundulika ni raia wa Kwao, na mwingine alikuwa mke wa Waziri, ambaye alijitoa kwa heshima zote baada ya kuambiwa kwamba kazi itafanyika juani.

Wazo langu halikuwa picha ya kutundika ukutani. Picha za kutundika ni mambo ya zamani, ng'ambo walishaziacha. Nilitaka kuchora juu ya ardhi yenyewe, katikati ya mji wa Kikomo, kila mpaka uliowahi kupita hapo, kila mmoja kwa rangi yake, ili mwananchi aitembee historia kwa miguu. Nilimweleza Waziri kwa muda mrefu na kwa mikono miwili.

"Na mgeni rasmi atakata nini?" akaniuliza.

"Utepe, Mheshimiwa."

"Basi hiyo ni sanaa," akasema, akaidhinisha.

*

Nilifanya utafiti. Mstari mwekundu niliuchora kwa heshima ya sultani wetu wa kale, ambaye milki yake ilifika pale ngoma yake iliposikika. Upepo ukiwa mzuri nchi ilipanuka, mvua ikinyesha ilisinyaa, na wakulima wa pembezoni walilipa kodi kwa kutegemea masikio yao. Wa bluu ulikuwa wa Wazungu wa kwanza, walioupiga kwa rula wakiwa kwao. Penye kidole gumba cha mshika rula kulitokea kinundu, na kinundu hicho leo ni wilaya na kina mbunge. Wa kahawia ni wa Wazungu wa pili, ambao waliweka kikombe cha chai juu ya ramani. Likabaki duara, na wakazi wa ndani ya duara hilo mpaka leo wanajiona ni watu wa asili moja na wana ngoma yao. Wa njano unatokana na mechi ya soka tuliyocheza na Kwao kugombea kilima. Tulitolewa kwa penalti, na kipa wa siku ile hatembei bila polisi.

Uliobaki ni mweupe, mpaka wa uhuru, huu tunaoutumia sasa. Wakubwa waliuwekea mawe makubwa mazuri, wakapiga picha, wakaondoka. Watu wa Kikomo wakayatazama yale mawe, wakaona yanafaa, wakayabeba wakayafanya mafiga. Kwa hiyo kwa miaka mingi mpaka wa Kwetu na Kwao ulikuwa jikoni, chini ya masufuria, na hakuna aliyelalamika.

Kwa mujibu wa nyaraka, mpaka huo mweupe hupita nyuma ya msikiti. Nilikwenda kupaangalia. Nyuma ya msikiti kuna jalala, na mbuzi wanaokula mifuko ya plastiki. Nikafumba jicho moja, nikafumba na la pili, sikuona picha. Basi nikausogeza kidogo, nikaupitisha kwenye kichochoro chetu, ambako kuta zimepakwa chokaa na jua la jioni huingia vizuri. Sikuona kosa. Ikiwa kikombe cha chai kiliruhusiwa kusogeza mpaka, kwa nini si msanii mwenye cheti?

Kichochoro hicho ni chembamba. Upande huu uko mlango wa mama yangu, na upande wa pili, ukitazamana nao, uko mlango wa Mama Mkubwa, Bi Tunu, dada yake mama wa tumbo moja. Mama Mkubwa alipata kiharusi mwezi wa mfungo uliopita, na upande wake wa kulia haumsikii tena. Chakula hapokei kwa mkono wa mtu mwingine yeyote isipokuwa mama. Mkwe wake, Mwatima, alijaribu, akatemewa. Kwa hiyo kila asubuhi mama huvuka na bakuli la uji wa ulezi, hukaa ukingoni mwa kitanda, na kumlisha kijiko kwa kijiko huku wakigombana juu ya mambo ya usichana wao. Asubuhi bila ugomvi ule, Mama Mkubwa hali.

Mama alinikuta nimepiga magoti baina ya milango hiyo miwili, brashi mkononi.

"Unaandika nini mlangoni pangu?"

"Historia, mama."

"Basi usinichafulie kizingiti," akasema, akanivuka na bakuli lake.

*

Jioni ya kuamkia ufunguzi, rangi ilikuwa mbichi na watu wanapita. Nikaandika vibao, nikavisimamisha kando ya mistari, kwa herufi kubwa nzuri ambazo nazionea fahari hata leo: MSIVUKE MPAKA RANGI IKAUKE. Sikutia koma wala nukta. Ng'ambo nilifundishwa kwamba nukta hukata mtiririko wa jicho. Watu wa mtaani walivisoma, wakaelewa, wakakaa barazani kusubiri ikauke.

Kisha akafika Afande Mbwilo, kapteni aliyeletwa na kikosi chake kumlinda Waziri. Afande ni mtu ambaye hajapata kusoma maandishi kimoyomoyo maishani mwake. Alisimama mbele ya kibao, akajaza kifua, akasoma kama anavyosoma amri za kambini, akipumzika pale pumzi ilipomwishia.

"Msivuke mpaka!" Akavuta pumzi. "Rangi ikauke!"

Kisha akakipigia kibao saluti.

"Afande," nikamwambia kwa upole, "hapo inasomwa 'msivuke, mpaka rangi ikauke'. Yaani watu wasubiri kidogo."

"Mpaka uko wapi?"

"Ni huu hapa, lakini..."

"Na hapo pameandikwaje?"

"Msivuke mpaka..."

"Umesema mwenyewe," akasema, akapanga askari kwenye mstari mweupe, bunduki begani. Mistari mingine minne akaiwekea mgambo mmojammoja, wa kulinda historia.

Asubuhi Waziri alikata utepe na kuhutubia. "Ndugu wananchi! Nchi nyingine zina mipaka isiyoonekana. Raia anavuka hajui, anarudi hajui. Huo ni ushamba! Sisi mpaka wetu unaonekana, unashikika, na adui akiugusa anachafuka! Nawaahidi, tutaulinda mpaka huu mpaka tone la mwisho!"

"La damu?" akauliza mtu nyuma.

"La rangi," akasema Waziri, tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote, maana alikuwa amenitaja jina, japo alinitaja Saidi.

Serikali ya Kwao iliona sherehe kwenye televisheni. Kwa kuogopa kuonekana nchi isiyo na mpaka, wakaleta nao askari, wakawasimamisha ng'ambo ya mstari wangu, na vibao vilevile, walivyovinakili bila idhini yangu. Mama Mkubwa alilala raia wa Kwetu akaamka raia wa Kwao, naye hata kugeuka upande hawezi.

*

Kesho yake mama alitoka na bakuli lake kama kawaida. Askari akamwinulia mkono.

"Bi mkubwa, pasipoti."

"Ya nini?"

"Unakwenda Kwao."

"Kwao nani? Nakwenda kwa dada."

"Dada yuko Kwao."

"Sasa ulitaka awe kwenu?" mama akasema. Askari akamwita Afande, Afande akasoma kibao kwa sauti, na mama akanigeukia mimi niliyekuwa pembeni nahojiwa na mwandishi wa gazeti juu ya maana ya weupe.

Nikamweleza kwamba ni sanaa na ni jambo la muda. Akapaza sauti kuvuka kichochoro: "Dada! Uji unapoa!"

"Na mimi napoa!" likaja jibu kutoka ndani. Mwatima akapewa bakuli kwa kupitia juu ya mstari, baada ya uji kukaguliwa na pande zote mbili. Punde tukausikia ukitemwa.

Mchana rangi ilikuwa imeshakauka. Niliigusa kwa kidole mwenyewe, nikamwonyesha Afande kidole kikavu.

"Imekauka, Afande."

"Vizuri sana," akasema. "Agizo la pili limetekelezwa. La kwanza linaendelea."

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Nikapanda basi kwenda makao makuu kudai koma yangu.

*

Bunge lilikuwa limeshagawanyika. Kulikuwa na Wana-Nukta, walioshikilia kwamba baada ya neno "mpaka" pana kituo kikuu, na Wana-Koma, waliosema pumziko linakuja kabla yake. Mbunge mmoja aliuliza iwapo koma ni bidhaa ya ndani. Mwingine, wa kile kinundu cha rula, alitaka kujua kwa nini jimbo lake lenye watu wengi halina hata alama ya mkwaju. Likaundwa jopo, likaitwa Tume ya Koma, nami nikaitwa kutoa ushahidi.

"Wewe ndiye uliyeandika," akasema mwenyekiti. "Ulikuwa na maana gani?"

Nikafungua mdomo. Mjumbe mmoja akanyanyuka. "Pingamizi, mwenyekiti! Msanii si mtaalamu wa kazi yake." Akatoa maelezo niliyoyaandika mwenyewe wakati wa shindano, akayasoma kwa sauti: "'Kazi ya sanaa si mali ya msanii. Maana yake humilikiwa na mtazamaji wa kwanza.' Haya ni maneno yako?"

"Ni yangu," nikasema. Nilikuwa nimeyaandika nikiwa nimevaa skafu.

"Na mtazamaji wa kwanza, ukiacha watu wa mtaani, alikuwa nani?"

"Afande Mbwilo."

Mjumbe mwingine akakumbusha kwamba nyaraka zinautaja mpaka nyuma ya msikiti. Nikainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyangu havikuwa na kamba. Bahati njema hawakuniuliza. Walisema msanii amesoma ng'ambo na bila shaka alipima.

Uamuzi ulisomwa redioni, ukarudiwa kila saa. Kwanza, kwa kuheshimu lugha, neno "mpaka" katika kibao hicho lina maana ya "hadi", na watu hawatavuka hadi rangi ikauke. Nilirusha kofia juu. Pili, kwa kuwa mawe hayapo, palipo na rangi nyeupe ndipo palipo na mpaka wa taifa, na si pengine. Tatu, ni aibu kwa taifa kuonekana na mpaka mkavu. Kwa hiyo utapakwa upya kila alfajiri, na tena adhuhuri jua likiwa kali.

Nikateuliwa kuwa Mpaka Rangi Mkuu wa Mpaka. Ningekataa, lakini walikuwa wameshanishonea kofia yenye nembo, na ilinikaa vizuri.

*

Basi kila alfajiri nilipiga magoti baina ya mlango wa mama na mlango wa dada yake, nikapaka. Mama alisimama kizingitini na bakuli. Hakunisuta wala hakunipigia kelele. Niliona haya. Niliona haya kweli kweli, lakini niliona haya huku napaka.

Mwanzoni Mama Mkubwa, aliyekubali maji na chai tu kwa Mwatima, alikuwa akimtukana Afande kutoka kitandani, matusi ya kale yenye vina, na Afande aliyapenda. Kisha sauti ikapungua. Kisha ikawa ni mama peke yake anayeita, "Dada! Dada, umeamkaje?" na kujibiwa na kikohozi. Asubuhi moja Mwatima akatoka, khanga imemlegea kichwani, akasimama ng'ambo ya mstari.

"Mama mdogo, amefunga mdomo. Tangu juzi hata maji hataki. Anauliza tu kama umeshakuja."

Mama akaniangalia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimechovya brashi.

"Sudi mwanangu," akasema, "leo usipake. Leo tu. Iache ikauke, nivuke, nimlishe, nirudi. Utapaka kesho."

Nataka msomaji ajue kwamba nilisikia kila neno. Kopo lilikuwa langu, brashi ilikuwa yangu, na sheria yenyewe ilikuwa upande wetu: ikikauka, watu wavuke. Sikuhitaji ushujaa wowote. Nilihitajika kukaa kitako tu, kazi ambayo wasanii tunaiweza.

"Mama," nikasema, "leo Waziri analeta mabalozi."

Akautazama uji bakulini.

"Kesho, mama. Kesho nitachelewa makusudi."

Nikapaka. Nikapaka mara mbili, ili ing'ae.

Mabalozi walifika na Waziri, wakiwa na miwani ya jua na chupa za maji. Waziri alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo pale mama alipovua kandambili zake, akazipanga vizuri kando ya mlango, akaliweka bakuli sawa mkononi, na kuingia katikati ya rangi kwa miguu yote miwili.

"Bi mkubwa!" Afande akapiga kelele. "Msivuke mpaka!" Na safari hii hakumalizia.

Mama hakumtazama. Akanyanyua mguu, akakanyaga ng'ambo. Ukabaki unyayo mweupe, na vidole vyote vitano. Akanyanyua wa pili. Afande akakimbia mbele kumzuia, akaona zile nyayo, akasimama ghafla. Nilimwona anavyofikiri, midomo yake ilikuwa ikisoma. Palipo na rangi nyeupe ndipo palipo na mpaka wa taifa. Bi mkubwa hajavuka mpaka. Bi mkubwa yuko mpakani, na mpaka unakwenda naye. Sajini wa Kwao alikuwa ameufikia uamuzi huohuo upande wake, maana alianza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akiupisha mpaka ulikotaka kwenda. Afande akakakamaa akapiga saluti. Mama akaingia ndani kwa dada yake.

Mabalozi wakapiga makofi. Mmoja alifuta machozi.

"Hii uliipanga?" Waziri akaninong'oneza.

Ningeweza kusema kweli hata wakati huo.

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema. "Ndiyo kilele cha kazi."

"Vizuri mno. Sasa kapake hizo nyayo, zisije zikakauka."

Nikachukua kopo. Nikatambaa kwa magoti kutoka unyayo hadi unyayo, nikiipitishia rangi mbichi miguu ya mama yangu, huku kamera zikinifuata. Nilipofika mlangoni kwa Mama Mkubwa nikasikia kijiko kikigonga bakuli.

"Umechelewa," ilisema sauti nyembamba sana.

"Nimechelewa, dada. Fungua mdomo."

"Hauna sukari."

"Ungekuwa nayo ungesema umezidi. Wewe ndivyo ulivyo tangu tuko kwa bibi. Meza."

"Kwa bibi wewe ndiye uliyekuwa mlafi."

"Haya, mimi. Meza."

Akameza. Nilimsikia akimeza. Nikaweka kopo chini na brashi juu yake, nikajipangusa mikono kwenye suruali. Nilitaka kuingia nikae chini kwenye mkeka, nishike mguu wa Mama Mkubwa usiosikia, niwasikilize wakigombana mpaka adhuhuri. Nikabisha hodi.

"Nani huyo mlangoni?" Mama Mkubwa akauliza.

Mama akaja. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akanitazama magoti, yaliyokuwa meupe, akanitazama kofia na nembo yake.

"Mtu wa serikali," akamjibu dada yake, akaufunga mlango.